Ndege wa Mwitu, Kuku wa Mji na Chombo cha Pamoja

Miongoni mwa mambo yaonekanayo kila mwaka katika mji wa Mpanda na vijiji vya Mkoa wa Katavi, baada ya mavuno ya mahindi na mpunga, ni wingi wa ndege karibu na makazi ya watu. Mahindi huanikwa juu ya maturubai na mikeka. Mpunga hupelekwa mashineni kukobolewa, na pumba zake hurundikwa nyuma ya jengo. Akina mama hupeta nafaka uani, na chenga huachiwa kuku. Tetere, njiwa, jurawa na ndege wengineo wadogo hushuka makundi kwa makundi, wakala pamoja na kuku, na wakanywa katika sufuria kuukuu au dumu lililokatwa ambalo limewekwa kwa ajili ya kuku hao. Kwa mpita njia hilo ni jambo la kawaida lisilostahili kutazamwa mara mbili. Kwa mwanafunzi wa elimu ya viumbe ni jambo la kufikiriwa sana, kwa kuwa hapo ndipo viumbe ambao porini wangekuwa mbalimbali wanapokutanishwa midomo yao katika chombo kimoja.

Kuhusu ndege hao, yapo maoni mawili yaliyoenea. Maoni ya kwanza ni kwamba ndege wa mwitu ni maadui: ndio waletao mdondo, ule ugonjwa ambao watu wengine huuita kideri, na ndio wamalizao kuku wa kijiji kizima, kwa hiyo dawa yao ni manati, mtego, au hata sumu. Maoni ya pili ni kwamba ndege ni wageni wasio na faida wala madhara, na hakuna haja ya kujishughulisha nao. Maoni yote mawili yana kasoro, na kasoro hizo zinawagharimu wananchi mali. Ukweli uliothibitishwa na uchunguzi wa miaka mingi katika nchi mbalimbali ni kwamba chanzo kikubwa cha kuenea kwa maradhi ya ndege ni mahali pa kulia na kunywea pa pamoja, na mwenye mahali hapo ni binadamu. Aliyeandaa meza ndiye mwenye wajibu wa kuiosha.

MIKUSANYIKO YA ASILI NA MIKUSANYIKO YA BINADAMU

Mkoa wa Katavi, ambao ulimegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012, una msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza mwezi wa Novemba na kumalizika Aprili. Miezi iliyobaki ni ya ukavu. Katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na ambayo sasa ina eneo la kilometa za mraba 4,471, ukavu huo huleta hali inayojulikana na wageni wa mbali na wa karibu: mbuga za Katavi na Chada hukauka, mto Katuma hubakia madimbwi machache, na mamia ya viboko hujibana humo ubavu kwa ubavu. Ndege nao hukusanyika pale palipo na maji. Tena msongamano huo umezidishwa na kupungua kwa maji ya Katuma, kwa sababu ya matumizi ya kilimo cha umwagiliaji katika sehemu za juu za mto.

Mkusanyiko wa namna hiyo unalazimishwa na jua, wala mnyama hana hiari. Hata hivyo asili ina njia zake za kutawanya. Mvua ya kwanza inyeshapo, viumbe hutoka madimbwini wakaenea nyikani. Tetere wa porini huokota mbegu moja ya nyasi hapa na nyingine pale, na ni nadra kwake kurudi kuokota mbegu mahali ambapo mwenzake ametema mate dakika chache zilizopita. Chakula kimetapakaa, na kwa hiyo walaji nao wametapakaa.

Uwanja wa nyumba una desturi nyingine. Chakula humwagwa mahali pale pale asubuhi na jioni, siku baada ya siku, katika kiangazi na katika masika. Maji hukaa katika chombo kimoja ambacho pengine hakikuoshwa tangu kiwekwe. Kinyesi huanguka ndani ya chakula, na chakula kilichotemwa na ndege mmoja huokotwa na mwingine. Wahenga walisema kwamba samaki mmoja akioza, wote huoza. Ni vema kukumbuka kwamba walikuwa wakisema juu ya samaki waliomo katika tenga moja. Walio baharini hawaozeshani.

Wanafunzi wa hisabati wanaweza kuliona jambo hili kwa hesabu ndogo. Ikiwa kila ndege mgonjwa anaambukiza wengine 2 kabla ya kufa au kupona, basi mgonjwa 1 huzaa wagonjwa 2, hao huzaa 4, kisha 8, kisha 16. Na baada ya vizazi 10 vya maambukizo, kizazi hicho cha kumi peke yake kina wagonjwa 1,024. Lakini ikiwa kila wagonjwa 10 wanaambukiza 8 tu, basi ugonjwa hupungua kila hatua hadi ukatoweka wenyewe. Kijidudu ni kile kile na ndege ni wale wale. Kilichobadilika ni idadi ya nafasi ambazo mgonjwa anapata za kumkaribia mzima. Chombo cha pamoja huongeza nafasi hizo. Na linaongezeka jambo moja la kusikitisha: ndege aliyeugua hana nguvu za kwenda mbali kutafuta riziki, kwa hiyo hubakia pale pale penye chakula cha bure, akaambukiza kwa muda mrefu kuliko ambavyo angeweza porini.

MAFUNZO KUTOKA NCHI NYINGINE

Katika Uingereza, ni desturi ya mamilioni ya watu kuweka chakula cha ndege bustanini, juu ya meza ndogo au katika vyombo vya kuning'inizwa. Watu hao hufanya hivyo kwa upendo. Mwaka 2005 iligunduliwa kwamba chiriku wa kijani wa nchi hiyo walikuwa wakifa karibu na meza hizo, na mwaka 2006 vifo vikawa vingi mno. Muuaji alikuwa kijidudu cha chembe moja kiitwacho trikomonasi, ambacho kwa miaka mingi kilijulikana kuwa ni cha njiwa. Inakisiwa kwamba chiriku hao walipungua kutoka karibu 4,300,000 hadi karibu 2,800,000 ilipofika mwaka 2009. Mwaka 2025 chama kikubwa cha hifadhi ya ndege cha nchi hiyo kilisimamisha uuzaji wa meza bapa za chakula, kwa kuwa juu ya meza bapa chakula kipya, mate na kinyesi huchanganyika.

Marekani nayo ilipata funzo lake. Mwanzoni mwa mwaka 1994, karibu na jiji la Washington, walionekana chiriku wa nyumbani wenye macho mekundu yaliyovimba, wengine wakiwa vipofu kabisa. Kijidudu kilichohusika kilikuwa aina ya maikoplasma ambayo wafugaji waliifahamu zamani kwa kuwa huleta mafua sugu ya kuku na maradhi ya bata mzinga. Katika muda wa miaka michache ugonjwa ulienea nusu nzima ya mashariki ya nchi hiyo, na katika sehemu nyingi idadi ya chiriku hao ikapungua kwa karibu nusu. Ndege huyo aliingiza kichwa katika tundu la chombo cha chakula, akaacha uchafu wa jicho lake ukingoni, na aliyefuata akaupokea. Yafaa wasomaji waangalie sana mwelekeo wa ugonjwa huo. Ulikuwa ugonjwa wa ndege wafugwao, na waliokuja kuumia ni ndege wa mwitu.

Mfano wa tatu unatoka karibu zaidi, katika kisiwa cha Morisi kilichomo katika Bahari ya Hindi. Huko yuko njiwa wa rangi ya waridi asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Mwaka 1990 walikuwa wamebakia porini kiasi cha 10 tu. Kwa juhudi kubwa za wataalamu, pamoja na kuwapa chakula cha nyongeza, waliongezeka hadi mamia. Lakini trikomonasi imekuwa mojawapo ya sababu kubwa za vifo vya makinda yao, na wataalamu wamelazimika kusimamia kwa uangalifu mahali wanapowalishia, ili tendo la kuwaokoa lisiwe tendo la kuwaangamiza. Hapa hakuna hata mmoja awezaye kusema kwamba chakula kilikuwa kibaya, kwani bila chakula hicho pengine njiwa hao wasingekuwako. Lililo dhahiri ni kwamba kulisha bila kusafisha ni wema wa nusu.

NJIA YA UGONJWA KUTOKA MDOMO HADI MDOMO

Trikomonasi huishi katika kinywa, koo na gole la ndege. Njiwa mkubwa anaweza kukichukua kijidudu hicho bila dalili yoyote, na mama humwambukiza kinda wake anapomlisha maziwa ya gole. Ndege aliyezidiwa huota uvimbe wa manjano kooni, mfano wa maziwa yaliyoganda. Hujaribu kumeza punje akashindwa, akaitema. Punje ile iliyolowa mate huokotwa na mwenziwe. Kipanga amlaye njiwa mgonjwa naye huweza kuugua. Kuku na bata mzinga huweza kuambukizwa pia. Binadamu haambukizwi.

Udhaifu wa kijidudu hiki ni kwamba hakistahimili ukavu. Katika maji na katika chakula chenye unyevu huweza kuishi kwa muda wa kutosha kumpata ndege mwingine, lakini mahali pakavu penye jua hufa upesi. Kutokana na jambo hili zinapatikana kanuni mbili zisizohitaji fedha. Kanuni ya kwanza: chombo cha maji ni cha hatari kuliko punje kavu iliyotapakaa ardhini, kwa hiyo chombo hicho ndicho cha kushughulikiwa kwanza. Kanuni ya pili: jua la kiangazi cha Mpanda ni dawa. Chombo kilichooshwa kwa sabuni, kikasuuzwa, kisha kikafudikizwa na kuachwa juani hadi kikauke kabisa, kimekwisha kupunguziwa hatari kubwa. Mwenye vyombo viwili anaweza kuvitumia kwa zamu, kimoja kikiwa na maji na cha pili kikiwa juani.

Vijidudu vingine havina udhaifu huo. Bakteria wa salmonela hutoka katika kinyesi na huweza kudumu katika chakula kilichochafuka, nao huweza kumdhuru hata mtoto achezaye uani na kula bila kunawa mikono. Kirusi cha mdondo nacho hutoka katika kinyesi na katika makamasi, na huweza kusafiri juu ya manyoya, matenga, viatu na magurudumu. Hapo ndipo panapofikiwa shutuma kubwa dhidi ya ndege wa mwitu.

SHUTUMA YA MDONDO

Mdondo ulitambuliwa na wataalamu mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle wa Uingereza, ambao jina lake ndilo lililotumiwa kuuitia ugonjwa huo katika vitabu vya kigeni. Kuku aliyeshikwa huhema kwa shida, huharisha kijani, hupooza au kupinda shingo, na mara nyingi hufa. Katika kundi ambalo halikuchanjwa, vifo vinaweza kufikia 80 au hata karibu 100 katika kila kuku 100. Kwa kaya ya kijijini hilo ni pigo kubwa. Kuku ni akiba ya mama wa nyumbani: ndiye daftari na sare ya mtoto, ndiye nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitalini, ndiye kitoweo cha mgeni. Banda likinyamaza asubuhi moja, akiba yote imekwenda.

Je, ni haki kumshtaki tetere? Ni kweli kwamba ndege wengi wa mwitu wanaweza kuambukizwa kirusi hicho, na kwamba njiwa wana aina yao maalumu ya kirusi hicho ambayo ilienea katika nchi nyingi tangu miaka ya 1980. Mwaka 1984, nchini Uingereza, kuku wa mashamba kadhaa waliugua, na uchunguzi ukaonyesha kwamba sehemu kubwa ya maambukizo ilitokana na chakula cha kuku kilichohifadhiwa katika maghala ya bandari ya Liverpool, ambamo njiwa wagonjwa walikuwa wakiingia na kunya juu yake. Mtu mwenye haraka atasema: basi njiwa ana hatia. Mtu mwenye kutafakari atauliza: ghala lilikuwa wazi kwa sababu gani? Njiwa wale hawakuruka kwenda shambani hadi shambani kuwatafuta kuku. Binadamu ndiye aliyekusanya chakula, akakiacha wazi, kisha akakisafirisha kwa magari hadi kwenye mabanda.

Zaidi ya hayo, mdondo una kipindi cha kujificha. Tangu kirusi kinapoingia mwilini hadi dalili zinapoonekana hupita siku 2 hadi 15, mara nyingi 5 au 6. Kuku anayeonekana mzima gulioni huweza kuwa tayari ameukwaa ugonjwa. Mwenye kundi akiona kuku mmoja amezubaa na kushusha mbawa, jambo la kwanza afanyalo ni kuwauza waliosalia kabla hawajafa. Hao hufungwa miguu, hutiwa tengani pamoja na kuku wa vijiji vingine, husafirishwa kwa baiskeli, pikipiki au basi, na jioni hiyo hiyo wamo katika uwanja wa mnunuzi. Wengine huchinjwa, na manyoya na matumbo yao hutupwa nyuma ya nyumba ambako kuku wa jirani huyachokoa. Kwa siku moja ugonjwa umekwenda mbali, tena moja kwa moja hadi penye kuku wengine, kwa njia ambayo hakuna tetere awezaye kushindana nayo.

Haifai kumlaumu sana mwenye kuku huyo. Amefanya kile ambacho umaskini umemfundisha. Lakini haifai pia kumwacha akiamini kwamba adui yake yuko mtini. Imani hiyo ina madhara mawili. Kwanza, humfanya mtu apoteze nguvu zake kupigana na ndege na kuacha njia halisi ya ugonjwa ikiwa wazi. Pili, huhalalisha matumizi ya sumu, ambayo huua ndege wasio na hatia, huua vipanga, bundi na tumbusi wanaokula mizoga, na huweza kumdhuru mtu atakayekula ndege aliyeokotwa. Katika mkoa wenye hifadhi ya taifa, ambao sehemu ya tumaini lake la maendeleo ni utajiri wa viumbe wake, hilo ni kosa la kuchoma nyumba ili kumfukuza panya.

HATARI MPYA NA TAHADHARI YAKE

Kuwatetea ndege wa mwitu si kusema kwamba hawaleti ugonjwa kamwe. Mwezi wa Januari 2017, nchini Uganda, ndege wa majini wengi walikutwa wamekufa katika ghuba ya Lutembe ya Ziwa Victoria, karibu na Entebbe. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikuwa na mafua makali ya ndege ya aina ya H5N8, na bata na kuku wa kufugwa katika eneo la Masaka wakakutwa nayo pia. Katika miaka ya 2022 na 2023 aina nyingine, H5N1, iliua mamia ya maelfu ya ndege wa baharini katika pwani ya Peru. Mkoa wa Katavi umepakana na Ziwa Tanganyika, una mabwawa na mbuga za majimaji, na hupokea ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia wakati wa baridi ya huko. Kwa hiyo tahadhari ni ya lazima.

Lakini tahadhari hiyo nayo inarudi kwenye lile lile. Mtu akiona ndege wengi wamekufa mahali pamoja, asiwaguse kwa mikono mitupu, asiwale, wala asiwape mbwa. Awazuie watoto, na apeleke habari kwa afisa mifugo wa kata au kwa uongozi wa kijiji mara moja. Bata na kuku wasipelekwe kunywa pale wanaposhinda ndege wa majini. Chakula chao kifunikwe. Kumwua ndege aliye hai hakumo katika orodha hiyo, na sababu yake ni rahisi: kundi linalofukuzwa kwa risasi au mawe hutawanyika, na wagonjwa waliomo hutawanyika pamoja nalo.

LIPI LA KUFANYWA?

Wapo watakaosema kwamba mwananchi wa kawaida hana uwezo wa kujenga banda la waya, kwamba kuku wa kienyeji lazima watembee wajitafutie, na kwamba ndege hawawezi kuzuiwa kushuka uani. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini hakuna anayedai banda la waya. Yanayodaiwa ni mambo matano ambayo kila kaya inaweza kuyatimiza: kuosha na kukausha chombo cha maji kila siku, kuwatupia kuku chakula kidogo kwa kukitawanya, wala si kukirundika mahali pamoja kila siku, kufunika nafaka ghalani, kufukia au kuchoma mizoga, manyoya na matumbo, na kuwatenga kuku wanunuliwao kwa majuma mawili kabla ya kuwachanganya na wengine.

Jambo la sita ni chanjo, na hilo halitoshi kufanywa na kaya moja peke yake. Chanjo ya I-2, ambayo hutengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, ingawa bado yahitaji kuwekwa mahali pa baridi na mbali na jua. Hutiwa tone moja katika jicho moja la kuku, awe mkubwa au kifaranga, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Haiponyi kuku aliyekwisha kuambukizwa. Kwa hiyo anayesubiri kuona vifo ndipo aitafute, amechelewa. Mwaka 2025 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo, na kuku wa asili wamo. Hatua hiyo ni ya kusifiwa. Lakini mafanikio yake vijijini yatategemea mpango wa siku moja: kitongoji kizima kichanje siku ile ile, kwa kalenda inayojulikana na watu wote. Ile hesabu ya wagonjwa 2 na wagonjwa 8 katika 10 ndiyo inayotawala hapa pia. Kaya tano zikichanja na kumi zikiacha, kirusi kitaendelea kupata mahali pa kupanga.

WAJIBU WA SHULE ZA SEKONDARI

Shule nyingi za sekondari zina miradi ya kuku, na zote zina wanafunzi watokao vitongoji mbalimbali. Hazina hiyo haijatumiwa ipasavyo. Mwalimu wa baiolojia anaweza kuwaongoza wanafunzi wake kufanya uchunguzi wa kweli bila chombo chochote cha thamani. Wanafunzi waweke maji katika chombo kimoja kikubwa kwa juma moja, kisha juma la pili wagawe maji hayo katika vyombo vitatu vilivyo mbalimbali, na wahesabu kwa mbali, asubuhi, adhuhuri na jioni, ni ndege wangapi wanakunywa kwa wakati mmoja katika kila chombo. Wasiwashike ndege, na wanawe mikono baada ya kuosha vyombo.

Uchunguzi wa pili ni wa maana kubwa zaidi. Mdondo unapozuka, kila mwanafunzi aandike tarehe ya kifo cha kwanza cha kuku katika kaya yao na za majirani, na mwalimu wa jiografia awasaidie kuzitia tarehe hizo katika ramani ya kata. Ikiwa ndege wa mwitu ndio waletao ugonjwa, basi vifo vya kwanza vingetazamiwa kuonekana katika kaya zilizo pembezoni mwa pori na mabwawa. Ikiwa biashara ya kuku ndiyo iletayo, vifo vitafuata barabara, vituo vya mabasi na siku za magulio. Ramani ya namna hiyo, ikifanywa kwa uaminifu katika Mpanda, Mlele na Tanganyika, itakuwa na thamani kwa afisa mifugo wa wilaya kuliko hotuba kumi. Na kama ramani itaonyesha kinyume cha yaliyosemwa katika makala haya, basi ndiyo itakayostahili kufuatwa, kwa kuwa sayansi haina kiongozi mwingine zaidi ya ushahidi.

Kinachohitajika katika Katavi, kwa hiyo, si vita dhidi ya ndege, wala si kuwapuuza. Ni kuutazama uwanja wa nyumba kama mahali ambapo afya ya kuku, ya ndege wa porini na ya watoto wa nyumba hiyo imefungwa pamoja. Tetere ataendelea kushuka uani maadamu kuna nafaka inayoanikwa. Kama ataondoka akiwa ameshiba tu, au ameshiba na kubeba ugonjwa, hilo litaamuliwa na mkono uliokiosha chombo asubuhi ile, au uliokiacha bila kukiosha.